Kompyuta Iliyogoma Kushika Mtandao

Taa zote za kisanduku cha intaneti zilikuwa zinawaka, kijani kibichi, na bado ile kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya meza ya cherehani ilishikilia kwamba duniani hakuna mtandao. Inspekta aliitazama kwa jicho analomtazamia shahidi anayedai hakuona kitu, ilhali alikuwa amesimama mlangoni.

"Inasemaje?" aliuliza mama mwenye nyumba.

"Inasema haioni kitu, mama."

"Basi nayo imezeeka kama mimi."

Inspekta kazini walimwita Kupe, na hawakumwita kwa ubaya. Akishika kesi haachii mpaka ashibe, au mpaka mkubwa ammwagie dawa. Kesi hii alikuwa ameishika tangu mwanzo wa wiki na hajanyonya hata tone. Binti wa mama huyu, msimamizi wa ujenzi katika kampuni moja kubwa ya majengo, aliaga asubuhi ya Alhamisi kwenda kazini, na kazini hakufika. Simu yake ikazimwa siku hiyohiyo. Barua ya kuiomba kampuni ya simu itoe taarifa ilikuwa imelala mezani kwa mkubwa, na mkubwa alikuwa semina. Marafiki hawakujua lolote. Hospitali hazikuwa naye, wala chumba cha maiti, na kwa hilo mama alimshukuru Mungu kila Inspekta alipoingia pale nyumbani.

Lililobaki ni kompyuta hii. Barua pepe za binti zilikuwa zikifunguka humo zenyewe bila kuulizwa neno la siri, na simu yake ilikuwa imeandikishwa kwa anwani hiyohiyo. Ingeshika mtandao hata kidogo tu, ingechora kwenye ramani mahali simu ilipoonekana mara ya mwisho. Tumaini lote la nyumba ile lilikuwa limekaa pale mezani, dogo kama sinia la kikombe kimoja, limenuna.

Inspekta alianza upya, taratibu, kama anayemhoji mtu kwa mara ya pili. Alichukua simu yake mwenyewe, akasoma neno la siri lililoandikwa chini ya kisanduku, akaunganisha. Ikakubali papo hapo. Kwa hiyo kisanduku hakina kosa, na neno la siri halijabadilishwa. Akazima kompyuta, akaiwasha. Akabonyeza kile kitufe chenye picha ya mnara, mara ya kwanza polepole, mara ya pili kwa hasira. Akaangalia kama imewekwa kwenye hali ya ndegeni, haikuwekwa. Akafungua simu yake igawe mtandao, akaisogeza mpaka ikagusana na kompyuta. Kompyuta haikuiona. Majirani wote walikuwa na mitandao yao, yenye majina ya mbwembwe, na simu iliyaorodhesha yote. Kompyuta haikuona hata jina moja.

"Imeanza lini?" aliuliza.

Mama alisimamisha cherehani. Alikuwa anashona sketi za shule, kwa sababu mikono ikikaa bure, alisema, kichwa ndicho kinachofanya kazi, na kichwa chake hakitaki kazi siku hizi. "Mimi huiazima kuangalia mishono. Ndiyo maana najua kuifungua. Jumatano mchana niliangalia gauni la mikono ya puto, nikaizima. Jumatano usiku nataka kuangalia tena, haifunguki. Nikamwambia mwanangu, hiki kitu kimeharibika. Akaniambia, mama, kiache tu, usikiguse."

"Jumatano usiku. Kabla hajaondoka."

"Kabla."

Inspekta aliliweka neno hilo kichwani. Kisha, kwa kuwa hakuna la kufanya, akapekuapekua vilivyomo ndani ya kompyuta. Alikuta michoro ya majengo, na picha, mamia ya picha, zote za kuta. Nguzo. Vyuma vilivyochomoza. Ufa unaopanda ukutani, na kando yake rula ya kupimia. Ufa mwingine. Ufa uleule tena, na chini yake kamba ya nguo kwenye baraza, shuka za watoto zimeanikwa. Alipiga miayo. Kanuni ya kitengo chao ilikuwa fupi: kwanza nakili, kisha gusa. Lakini kunakili kunataka mtu wa kitengo cha mitandao, na foleni ya kitengo cha mitandao ilikuwa ndefu kuliko ya mkate. Ya nini kuhangaika na picha za kuta? Yeye alitafuta mtu, hakutafuta nyumba ya kupanga.

Simu yake ikaita. Alikuwa Meneja wa kampuni ya ujenzi, mtu mwenye sauti ya pole kama ya anayesoma risala ya mazishi.

"Kuna lolote, Inspekta? Sisi huku hatulali."

"Bado."

"Ile kompyuta yetu ndogo ya ofisi, mmeiona?"

"Ipo hapa kwa mama yake. Haishiki mtandao."

"Haishiki? Kumbe. Ndiyo maana. Sikia, hangaikeni nayo. Tafuteni fundi mkiweza. Ikiingia tu mtandaoni sisi tutaiona, na vijana wangu wa kompyuta watawasaidia hapohapo. Huyu ni kama binti yangu."

Inspekta alimshukuru, na alimshukuru kwa dhati. Wiki nzima alikuwa akizungushwa kutoka dirisha hadi dirisha, na huyu alikuwa mtu wa kwanza kumwambia "tutawasaidia" bila kuongeza "njoo kesho." Aliifunga kompyuta, akaigeuza. Chini ilikuwa na kibandiko cha namba ya kampuni, na skrubu zilizokaa sawasawa.

"Nani hutengeneza kompyuta hii ikiharibika?"

"Yule fundi, Spana," alisema mama. "Mwezi uliopita ilimwagikiwa chai, akabadilisha vitufe. Ukienda naye kuifungua, mwanangu, mniwashie mbele yangu. Kama kuna habari ya mtoto wangu humo, nataka niisikie na masikio yangu."

"Naahidi, mama."

Kibanda cha Spana kilikuwa mtaa wa pili, mlango umepambwa kwa vioo vya simu vilivyopasuka, ambavyo yeye aliviita matangazo ya biashara. Mwenyewe alikuwa mtu mnene mwenye vidole vyembamba visivyolingana na mwili wake. Inspekta aliweka kompyuta kauntani na kitambulisho juu yake.

"Mwezi uliopita uliibadilishia hii kibodi."

"Niliibadilisha."

"Ukaifungua."

"Inspekta, kibodi haibadilishwi kwa maombi. Niliifungua."

"Sasa haishiki mtandao. Na mwenyewe hajulikani alipo."

Spana aliacha kutabasamu. Alimjua binti, alisema. Alikuwa mteja anayesubiri kazi iishe bila kusema ana haraka. Aliiwasha, akaingia sehemu ambazo Inspekta hakujua kama zipo, akashuka kwenye orodha ya viungo vyote vya mashine, akapanda, akashuka tena.

"Hata bluetooth haipo," alisema. "Umeona? Si kwamba imezimwa. Haipo kabisa. Sasa hivi viwili, mtandao na bluetooth, vinakaa kwenye kadi moja, kama mume na mke. Kimoja kikikosekana utasema wamegombana. Vikikosekana vyote, ama kadi imekufa au imehama."

"Fungua."

Alifungua. Akainua kifuniko, akawasha taa yake ya kichwani, akaguna. Kwenye pembe, panapokaa kadi, palikuwa wazi. Nyaya mbili, nyeusi na nyeupe, zimelala pembeni bila kazi.

Mkono wa Inspekta uliteremka hadi kiunoni, pingu zilipo. "Kadi iko wapi?"

"Haki ya Mungu mimi siijui!"

"Wewe ndiye wa mwisho kuifungua."

"Ningekuwa mwizi ningechukua kumbukumbu, hiyo ndiyo ina soko. Kadi ya mtandao ya mashine ndogo hivi nitampelekea nani? Hata mbwa haili." Spana alinyoosha kidole chembamba kwenye nyaya. "Usinifunge kwanza. Tazama. Ncha za nyaya hizi zimefungwa utepe, kila moja na wake, zisiguse kitu zikaunguza. Na skrubu ya kadi imerudishwa mahali pake. Umewahi kumuona mwizi anayefunga mlango akitoka?"

Inspekta aliinama. Kweli.

"Halafu kichwa cha skrubu. Kimeliwa. Aliyeifungua alitumia bisibisi nene, si ya kazi hii, ikatelezateleza. Zangu ni hizi hapa." Alimwaga kopo la bisibisi kauntani, nyembamba kama sindano. "Jaribu yoyote. Ikitoa alama kama ile, nifunge, na nauli ya kituoni nitatoa mimi."

Inspekta alizijaribu kwa mkono mmoja kwenye skrubu mbovu, moja baada ya nyingine. Hakuna iliyotoa alama ile. Inspekta aliondoa mkono kiunoni, na kwa kuwa hakuwa na tabia ya kuomba radhi, aliuliza kama kuna mahali pa kukaa.

Alikaa juu ya kasha la runinga na kufikiri. Mtu ametoa kadi Jumatano, kati ya mchana na usiku. Si fundi. Ana uangalifu, hana vifaa. Hakutaka kuharibu, alitaka kuzuia. Alitaka binti asiweze kuwasiliana na mtu. Nani anamfungia mwenzake mdomo usiku, asubuhi mwenzake anapotea? Alimpigia mama.

"Mama, Jumatano jioni nani alikuja nyumbani?"

"Wageni? Hakuna. Wateja wawili, walikaa hapohapo mlangoni. Na yule kijana aliyekuwa mchumba wake, alileta gauni la dada yake nilipunguze. Nilimkaribisha sebuleni. Huwezi kumfukuza mtu kwa sababu posa imevunjika."

Sebuleni ndipo kompyuta inapokaa. Inspekta alihisi ule mwasho anaoujua, mwasho wa kupata pa kung'ang'ania. Mchumba aliyeachwa, sebule, kompyuta. Aliuliza wageni, akajibiwa wageni, na alitosheka. Alipiga simu kituoni, akaagiza yule kijana atafutwe, aletwe ahojiwe.

"Kadi nyingine unayo?" alimuuliza Spana.

"Ya kukaa ndani, mpaka niagize. Lakini nina ya kuchomeka pembeni." Alichokonoa droo, akatoa kidude kidogo kama kucha ya kidole gumba. "Hiki kinafanya kazi ileile. Unachomeka, unaunganisha. Nitakuja nacho mwenyewe. Jina langu limeshaingia matopeni, nataka nilioshe mwenyewe."

Jua lilikuwa bado lina nguvu waliporudi kwa mama. Alikuwa amefuta meza, ameondoa sketi, na amejifunga kanga safi, kama anayepokea mgeni. Spana aliweka kompyuta, akachomeka kidude. Taa ndogo ya buluu ikapepesa. Orodha ya majina ya mbwembwe ya majirani ikamwagika kwenye kioo.

"Imeona!" Spana alipiga paja.

Mama alitoa kigelegele kifupi, akakizuia kwa kiganja, akaona aibu. "Samahani. Nimesahau kwamba bado."

Inspekta aliandika neno la siri kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Inaunganisha. Imeunganishwa. Barua pepe zikaanza kuingia, zinasukumana kama watu mlangoni. Alifungua ramani. Dunia ikatokea, kisha nchi, kisha mji, na katikati kiduara kikizunguka kikitafuta simu.

"Hapo ndipo alipo?" mama aliuliza.

"Inatafuta, mama. Subiri."

Wote watatu waliinama. Kiduara kilizunguka. Kisha ramani ikatoweka, na mahali pake likaja dirisha jeusi lenye maandishi meupe.

*Kompyuta hii inasimamiwa na ofisi. Amri ya kufuta kila kitu imepokelewa. Amri ilitolewa Jumatano jioni. Tafadhali usizime.*

Spana ndiye aliyeelewa kwanza. Alikichomoa kidude kwa nguvu hadi kikaruka chini ya cherehani. Asilimia kwenye kioo ziliendelea kupanda.

"Nimechomoa! Mbona inaendelea?"

"Zima!" alisema Inspekta.

Spana alikibana kitufe cha kuzimia. Haikuzima. Akaigeuza, akatoa bisibisi, ajaribu kuifikia betri iliyo ndani. Skrubu ya kwanza ikatoka, ya pili ikatoka, ya tatu ikamponyoka ikaingia kwenye nyufa za sakafu. Inspekta alishika pembe za kompyuta kana kwamba inaweza kukimbia. Alikuwa amewahi kukamata majambazi kwa mikono hii. Kipande cha plastiki kilimshinda.

"Haihitaji mtandao tena," Spana alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha. "Ilikuwa inasubiri neno moja tu. Neno limeshafika."

Ilijizima, ikajiwasha. Ikapiga mlio mtamu ambao mashine hupiga zikitoka dukani, na kwenye kioo kukatokea rangi nzuri na neno moja kubwa.

*Karibu. Chagua lugha.*

Mama alivaa miwani. "Mbona inatukaribisha? Mtoto yuko wapi?"

Simu ya Inspekta iliita. Alikuwa Meneja.

"Naona mmefanikiwa," ilisema ile sauti ya pole. "Hongera kwa kazi."

"Mmeifuta."

"Ah, ule ni utaratibu tu, Inspekta. Kompyuta ya ofisi ikipotea tunaiwekea amri hiyo. Mashine haina macho, haijui kwamba sasa iko kwa polisi. Vijana wamesikitika sana. Lakini si mlikuwa mnatafuta simu? Simu si mali yetu, hiyo hatuwezi kuigusa."

Ikipotea. Amri ilitolewa Jumatano jioni, na Jumatano jioni hakuna kitu kilichokuwa kimepotea, si kompyuta wala binti. Kwa mara ya kwanza siku ile Inspekta alifanya jambo la akili: alikata simu bila kumfunulia hilo. Lakini angemwonyesha nani? Dirisha jeusi lilikuwa limeondoka na ushahidi wake, na walioliona ni watu watatu, mmoja wao hasomi bila miwani.

"Inarudishika?" alimuuliza Spana.

"Haifuti vitu, inatupa ufunguo. Vitu vimo, ila hakuna atakayevisoma tena. Maji yamemwagika, Inspekta." Alikaa sakafuni, miguu mbele kama mtoto. "Na ndoo nilishika mimi."

Inspekta alijaribu kuzikumbuka zile picha. Nguzo zilikuwa ngapi? Jengo lilikuwa la rangi gani? Alikumbuka rula. Alikumbuka shuka za watoto, kwamba zilikuwa na maua, na kwamba ufa ulipita juu yake ukaingia dirishani. Mahali fulani humu mjini watu walikuwa wanaishi chini ya ufa ule, usiku wangelala chini yake, na yeye aliuona, akapiga miayo, akapita. Sasa moyo ulimuuma waziwazi, kama jino. Binti hakufungwa mdomo na mtu. Binti alijifunga mwenyewe, ili neno la ofisi lisiweze kumfikia, na akamuachia yeyote atakayekuja kazi nyepesi kuliko zote, kufungua na kutazama.

"Mama," alisema taratibu, "Jumatano usiku, mwanao aliazima kitu kwako?"

"Bisibisi ya cherehani."

"Hukuniambia."

"Uliniuliza wageni, mwanangu. Yeye si mgeni." Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine, kama anayehofia kwamba amekosa. "Na kuna kitu alinipa kukiweka. Alisema nisimpe mtu, hata awe nani, mpaka arudi mwenyewe. Sikutaka kuvunja neno lake. Lakini mnavyohangaika hivi, labda kitawafaa."

Aliingia chumbani. Walimsikia akifungua sanduku, akitoa nguo, akizipanga upya. Alirudi na kipande cha kitambaa cha maua kilichofungwa fundo, akakifungua mezani kwa vidole vyake vya ushonaji, bila haraka. Ndani palikuwa na kadi, kijani, ndogo kama stempu, safi kabisa.

Spana aligeuza uso ukutani.

"Ndicho?" mama aliuliza. Macho yake yalikuwa yameng'aa. "Ndicho mlichokuwa mnakitafuta?"

Inspekta alikuwa amewahi kugonga milango na habari za vifo, na kila mara alijua aanze na neno gani. Alitazama kadi, akatazama uso wa mama, na hakupata hata moja.

"Ndicho, mama."

"Kinawafaa?"

"Hapana. Kwa sasa hakitufai."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayekubali kipimo cha nguo ambacho hakikutosha. Akakunja kitambaa upya, pembe juu ya pembe, akafunga fundo, akalikaza kwa meno.

"Basi nikirudishe nilikokitoa," alisema, "mpaka arudi?"

"Kirudishe, mama."